Kuandaa nyumba ya kuuza Tabora: anza na bahasha ya karatasi, ndoo ya rangi itafuata

Nyumba ya marehemu baba pale Isevya tuliipaka rangi mara mbili kabla haijauzwa. Mimi ni mwashi. Tulipokaa kikao cha familia na kukubaliana kuuza, kesho yake asubuhi nilikuwa dukani nanunua ndoo ya lita 20, brashi na msasa. Ukuta ulipendeza. Akaja mama mmoja, mwalimu, akazunguka vyumba vyote, akafungua koki, akakaa kibarazani chini ya mwembe, kisha akauliza kwa upole, "Fundi, hati ina jina la nani?"

Hati ilikuwa na jina la mzee aliyemuuzia baba, naye alikuwa amefariki siku nyingi. Baba mwenyewe hatukuwa tumemfungulia mirathi. Yule mama alitusubiri hadi akachoka, akanunua kwingine, Ipuli. Sisi tulihangaika misimu miwili ya mvua, na siku mnunuzi mwingine alipopatikana, rangi ya kwanza ilikuwa imeshabambuka kwa unyevu.

Tangu hapo nimeitwa kwenye nyumba nyingi za mji huu, Ng'ambo, Cheyo, Kiloleni, na maneno ni yale yale: "Fundi, njoo utupigie rangi, tunataka kuuza." Sianzi na brashi tena. Naomba kwanza nioneshwe karatasi. Mpangilio huu hapa ndio ninaoufuata, na ninakusihi uufuate kwa mfululizo wake, kwa sababu kila hatua ukiiruka utairudia kwa gharama kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: Jua nyumba ni ya nani kwa karatasi

Toa kila kitu kilichomo kwenye lile begi la chini ya kitanda. Utakuta mojawapo ya haya. Kuna hati miliki yenyewe. Kuna ofa, yaani barua ya toleo ambayo mzee alipewa zamani na hakuifuatilia hadi kupata hati. Kuna mkataba wa kuuziana ulioandikwa kwa mkono, una mihuri ya mwenyekiti na sahihi za majirani. Na kama nyumba iko pembezoni ambako bado ni ardhi ya kijiji, hapo unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na serikali ya kijiji ina kauli yake kabla hujauza chochote.

Zote hizi huuzika, ila haziuziki kwa mtu yule yule wala kwa bei ile ile. Mtumishi anayetaka kununua kwa mkopo wa nyumba wa benki hawezi kuitumia karatasi ya mtaa. Benki inataka hati. Kwa hiyo kama eneo lenu limeshapimwa kwa urasimishaji na bado hamjachukua hati, ichukueni kabla ya kutangaza. Nimeona familia ikikataa kulipia hati kwa kuona ni hasara, halafu ikapunguziwa bei mara nyingi zaidi ya gharama ile.

Ukishajua aina ya karatasi, soma jina. Kama jina ni lako na uko hai, shukuru, endelea mbele. Kama ni la marehemu, simama hapo hapo. Hakuna mtoto, hata awe mkubwa kuliko wote, mwenye mamlaka ya kuuza nyumba ya marehemu kwa sababu tu ndiye anayeishi humo. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi wa mirathi, kisha maombi yanapelekwa mahakamani, na kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa na kupewa barua yake, jina linahamia kwake kama msimamizi, na ndipo anaweza kumuuzia mtu kwa niaba ya warithi.

Hapa ndipo panapoumiza, na nitasema bila kuzunguka. Watu wengi huwaruka dada zao. Shangazi aliyeolewa Urambo, mdogo wa kike aliyeko Mpanda, mtoto wa marehemu aliyezaliwa nje ya nyumba ile. Wanafanywa kama hawapo, halafu siku mnunuzi analeta fedha, wanatokea na wakili. Kwetu ilikuwa shangazi yetu. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema tu, "Wanangu, baba yenu alinipa chumba kimoja kwa mdomo, na hamkuniuliza." Tulimuomba radhi, tukamrudisha kwenye kikao, akasaini kwa moyo mweupe. Tungemwita mwanzo, tungeokoa miezi. Watafuteni warithi wote sasa, mkiwa bado mnaongea bila mnunuzi katikati yenu, na kila mmoja asaini ridhaa yake.

Kama uko kwenye ndoa na nyumba ndiyo mnayoishi, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mwenye wake wawili asijidanganye kwamba saini ya mmoja inatosha kwa nyumba anayoishi mwingine. Wakili yeyote makini wa mnunuzi ataidai fomu ya ridhaa ya mwenza, kwa hiyo kaeni nyumbani mlizungumze kabla ya kumwita dalali.

Baada ya hapo nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi. Ni ada ndogo, nayo inakuonesha kile ambacho mnunuzi atakiona: jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki iliyosahaulika, kama kuna mtu ameweka zuio. Kuna wazee waliowahi kuweka hati dhamana ya mkopo wa pembejeo, wakamaliza kulipa, na rehani haikufutwa. Ni afadhali uligundue wewe.

Ulizia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Hii hulipwa kila mwaka, unapewa namba ya malipo, na hujilimbikiza kimya kimya. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo hakikisha mita ya nyumba imeunganishwa na jengo sahihi, hasa kama wapangaji wana mita zao pembeni.

Halafu kodi ya mauzo, ambayo wauzaji wengi huisikia mara ya kwanza siku ya kuhamisha jina. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida aliyopata kwenye mauzo. Faida ni bei ya kuuza ukiondoa gharama za kununua na kujenga au kuboresha, zile unazoweza kuzithibitisha. Ndiyo maana nawasihi: risiti za saruji, bati, nondo na malipo ya fundi msizitupe. Kuna unafuu pia. Nyumba uliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi haitozwi, mradi faida haizidi shilingi milioni 15. Kwa kuwa sheria za kodi huguswa kila Juni wakati wa bajeti, pitia TRA ujue hesabu ya mwaka unaouza, tena kabla ya kutaja bei kwa mtu.

Na ile asilimia 10 ya bei ambayo mwenyekiti wa mtaa hudai? Watu hulipa kwa kuogopa. Mwenyekiti anaweza kukutambua kama mkazi na kuwa shahidi wa kweli, na ni heshima kumshirikisha. Lakini sehemu ya bei ya nyumba yako si haki yake, na muhuri wake hauhamishi umiliki. Uhamisho unafanyika kwa mkataba mbele ya wakili, na kwa kusajiliwa ofisi ya ardhi.

Hatua ya pili: Ikague kama hujawahi kuingia

Chukua daftari, kalamu, bisibisi yenye mpini mgumu, na mtu mmoja asiye wa familia. Nendeni saa sita mchana, jua likiwa la utosi. Fungeni milango na madirisha ya chumba kisicho na dari, kaeni gizani dakika mbili hadi macho yazoee, kisha mtazame juu. Kila tundu la bati litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki ukutani chini ya kila moja. Penye dari, tafuta madoa ya rangi ya chai. Doa lenye ukingo wa kahawia ni maji yaliyopita mara nyingi, doa jepesi ni la mvua iliyopita.

Kisha gonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini kwenda juu. Lipu iliyoshika hutoa sauti butu. Lipu iliyoachana na tofali inalia kama debe. Nyumba zetu nyingi za zamani ni matofali ya tope yaliyovishwa lipu ya saruji, na vitu hivi viwili havipendani sana: tope linavuta maji kutoka chini, saruji inayazuia yasitoke, na mwisho lipu inaachia. Ukiona unga mweupe kama chumvi kwenye sentimita 50 za chini, hapo maji yanapanda kutoka ardhini.

Fremu za milango na madirisha zigonge kwa mpini wa bisibisi. Mninga mzima hutoa sauti ngumu, iliyoshiba. Uliokwisha liwa na mchwa unatoa sauti ya utupu, na ukibonyeza, bisibisi inazama. Angalia nyuma ya kabati na pembe za stoo, utafute zile njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani. Mchwa wa Tabora haujali kama nyumba ni ya juzi.

Andika kila kitu. Usitengeneze chochote siku hiyo.

Hatua ya tatu: Matengenezo yanayorudisha fedha

Anza juu. Bati likivuja, kila utakachofanya chini ni kazi bure. Mara nyingi bati halina kosa. Ni msumari uliolegea au mpira wake uliokauka. Ng'oa, piga mwingine pembeni kidogo kwenye mbao nzima, ziba tundu la zamani. Bati lenye kutu ya kumeguka libadilishe lote, usiweke kiraka cha lami ambacho mnunuzi atakiona kutoka barabarani. Ukiwa juu kagua kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Na matawi ya mwembe yanayolala juu ya paa yakate. Mwembe ni fahari ya uwanja na mnunuzi anaupenda, ila embe dodo likianguka usiku juu ya bati linamwamsha mtu, na majani yanajaza gata hadi maji yanarudi ndani ya ukuta.

Mchwa uue kwanza, urembo baadaye. Bomoa njia zake zote, fuata hadi zinapoingia ardhini, chimba mfereji mwembamba kuzunguka msingi, mwaga dawa ya mchwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha fukia. Fremu iliyoliwa itoe. Wengine wanaijaza kwa unga wa mbao na gundi, wanapaka rangi ya mafuta, wanaita imepona. Nilishaitwa na mnunuzi aliyeuziwa hivyo. Alikuwa amesukuma mlango wa jiko kwa bega akiwa na ndoo mkononi, fremu nzima ikamfuata. Sikumlaumu kwa hasira aliyokuwa nayo.

Mlango wa mbele ukiwa ni wa mninga, usiufiche kwa rangi. Huu ni mji wa miombo, mbao zile zilikatwa misitu ya jirani, na watu wa nje wanazitafuta. Piga msasa mgumu kufuata nyuzi za mbao, usikate nyuzi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Rudia kwa msasa laini. Utaanza kuona ule wekundu wa dhahabu ukirudi, na mistari ya mbao ikijitokeza kama mawimbi. Paka vanishi nyembamba, acha siku nzima, piga msasa kidogo sana, paka tena. Kazi ya siku 3 na gharama ndogo. Kwenye nyumba ya baba mnunuzi wetu alisimama mlangoni akaupapasa kwa kiganja kabla hajasema habari za asubuhi.

Ukuta unaolia debe ubandue wote hadi utakapokuta lipu nzima. Uache wazi ukauke. Wiki mbili za kiangazi zinatosha mara nyingi; ukiharakisha, unyevu utafungiwa ndani na mwaka haupiti utabambuka tena, kama wangu ulivyobambuka. Piga maji tofali, kisha lipu mpya, saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne hadi tano, mchanga uliochekechwa na usio na udongo. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Kisha jenga kibaraza chembamba cha zege kuzunguka nyumba chenye mteremko wa kwenda nje, ili maji ya paa yasidondoke mguuni mwa ukuta. Hicho kibaraza ndicho tiba. Lipu mpya peke yake ni bandeji.

Nyufa zina lugha yake. Zile nyembamba kama nywele juu ya lipu zijaze tu. Ufa unaotoka kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, unaoingiza sarafu, ni msingi unaosema kitu. Huo mwite fundi anayejua misingi, na majibu yake umwoneshe mnunuzi.

Muda mzuri wa kazi zote hizi ni kati ya Mei na Oktoba. Mvua zetu zinaanza kwenye Novemba, na lipu ya Desemba haikauki.

Hatua ya nne: Maji, choo, umeme

Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika mjini, mnunuzi wa Tabora haulizi tena kama kuna maji, anauliza yanatoka kwa nguvu gani. Lipa ankara yote, badilisha koki inayodondosha, safisha tangi ndani na uhakikishe kifuniko kinafunga. Kama kuna kisima cha zamani, kifunike vizuri kwa zege chenye mlango. Usikifukie, kuna watu watakinunulia nyumba hiyo.

Choo usikionee aibu. Vuta karo kama limejaa, fungua chemba uone maji yanapita, badilisha kioo kilichovunjika cha dirisha la choo ili harufu itoke. Kama choo ni cha shimo nje, kipake chokaa, kiwe na mlango unaofungika.

Umeme: mwite fundi mwenye leseni akague waya, soketi zilizoungua na swichi zilizolegea. Waya uliopita juu ya dari ya mninga kavu bila bomba ni hatari kwa atakayelala humo. Hata kama hulipwi zaidi kwa kulitengeneza, litengeneze.

Hatua ya tano: Sasa piga rangi

Lipu mpya ipe wiki 3 hadi 4 kabla. Krimu au nyeupe iliyokolea kidogo ndani, rangi ya mafuta ya kahawia au kijivu mita moja ya chini nje, kwa sababu mvua inarusha udongo. Sakafu iliyopasuka izibwe na kupigwa niru, yaani uji wa saruji, upya. Basi. Jipsamu ya maua, marumaru nyumba nzima, kabati za jikoni za kisasa, achana navyo; atakayenunua ana ladha yake, na fedha hizo hazirudi.

Hatua ya sita: Mipaka na uwanja

Tafuta bikoni zote nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Zinaweza kuwa zimefukiwa, au jirani amejenga banda la kuku juu yake. Ukizikosa, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azirejeshe. Zungumza na jirani kabla mnunuzi hajafika, mkiwa mmekaa, na kama kuna mgogoro umalizwe mbele ya wazee na uandikwe.

Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, pima. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande. Nyumba yenye alama ya X ukutani usiipake rangi juu yake ukauza. Huo ni wizi, na mtu atabomolewa akiwa na watoto ndani.

Kuna nyumba za pembezoni zenye kaburi la babu au bibi ndani ya kiwanja. Lisafishe, lizungushie mawe, na mnunuzi mwambie siku ya kwanza. Kukubaliana kwamba familia itakuja kuzuru na kufagia, na kuliandika hilo kwenye mkataba, hakujawahi kuniharibia mauzo. Kulificha ndiko kunakoharibu.

Fagia, kata majani, ondoa matofali yaliyobaki na lile gari bovu. Miti ya matunda iache.

Hatua ya saba: Watu na vitu

Wapangaji waambiwe mapema, kwa mdomo na kwa barua. Wengi wamelipa kodi ya miezi 6. Soma mkataba, na kodi ambayo hawatakaa irudishwe. Mpangaji aliyeheshimiwa atamfungulia mnunuzi mlango kwa tabasamu na kusema maji yanatoka. Aliyesikia kwa dalali kwamba nyumba inauzwa atamwambia mengine, na siwezi kusema anakosea.

Ndani punguza vitu nusu. Sebule iliyojaa makochi mawili makubwa, friji bovu na magunia ya mpunga inaonekana ndogo. Toa kalenda za zamani na misumari yake, ziba matundu. Picha za familia zikunje uzihifadhi. Kwa mama yangu hii ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, tukampa siku nzima aifanye mwenyewe.

Hatua ya nane: Bei, picha na dalali

Bei uliza kwa waliokwisha kuuza mtaani kwenu, usiulize kwa wanaouza. Kiasi ambacho jirani anataja leo hakijalipwa na mtu. Mthamini aliyesajiliwa atakupa taarifa inayosimama mbele ya benki, na uthamini utahitajika hata hivyo wakati wa uhamisho. Kuna wanaoshikilia nyumba wakisubiri reli ya kisasa iwapandishie bei. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa mwaka 2021, wa Tabora hadi Kigoma mwaka 2022. Reli ni jambo kubwa kwa mji huu wa makutano, lakini nyumba tupu inayosubiri huliwa na mchwa, na aliye karibu na njia yenyewe ajue kwanza kama hayuko ndani ya hifadhi ya reli.

Wakulima wa tumbaku wakilipwa, katikati ya mwaka, wengi kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge hutafuta nyumba mjini kwa ajili ya watoto wanaosoma. Ukiwa umemaliza matengenezo wakati huo, umefika sokoni siku ya mnada.

Picha piga asubuhi, jua likiwa usoni mwa nyumba. Futa kamera ya simu. Anua nguo kambani. Piga mbele, sebule, jiko, choo, tangi, uwanja, na barabara inayofika getini. Hati usiipige picha ukaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Matapeli wanahitaji namba ya kiwanja na jina lako tu. Mnunuzi wa kweli ataiona kwa macho mkiwa mmekaa, akapewa nakala ya kwenda kufanyia upekuzi.

Dalali mmoja au wawili wanatosha. Andikeni ujira wake kabla hajamleta mtu, na bei anayoitangaza iwe ile ile uliyompa.

Siku ya kuonesha nyumba

Fungua madirisha saa moja kabla. Mkaribishe mgeni maji ya kunywa, muoneshe vyumba kisha muache azunguke peke yake, asisikie mnamfuata. Akiuliza ubovu, mjibu. Mimi huandaa karatasi moja: bati zilizobadilishwa na lini, dawa ya mchwa ilipigwa mwezi gani, ufa ule fundi alisemaje, karo lilivutwa lini. Mnunuzi wa pili wa nyumba ya baba aliisoma hiyo karatasi amesimama, akaikunja akaitia mfuko wa shati, akasema, "Mzee, nitarudi Jumamosi na mke wangu." Akarudi.

Mkifika kwa wakili, nenda na hati halisi, kitambulisho cha NIDA, picha ndogo, namba ya mlipakodi, risiti za pango la ardhi, ridhaa ya mwenza au ya warithi, na barua ya msimamizi kama ni mirathi. Fedha zipite benki. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, ila kubalianeni na liandikwe.

Siku ya funguo someni wote wawili mita ya LUKU na mita ya maji, mziandike kwenye karatasi ya makabidhiano. Mpe funguo zote, hata ule wa stoo usiofungua vizuri. Muoneshe koki kuu ya maji ilipo, na bikoni ya nyuma, ile iliyo chini ya mwembe.